Kidari cha Mjomba Ndani ya Mkate wa Nyama

Ninyi mlioniacha wiki jana nikiwa juu ya magunia ya viazi katika lori la Sake, na barua ya Padre Mkuu wa shule mfukoni, mnajua ninakotoka. Kwa yule aliyefungia samaki gazeti la wiki jana, nasema kwa kifupi: siku ya maandamano ya Sakramenti nilimvika mbuzi kanzu ya Padre, mbuzi akaandamana kwa heshima kuliko wanafunzi wote, mimi nikahukumiwa wiki sita za kazi jikoni, na baada ya wiki sita nikafukuzwa.

Hayo niliyaungama nikicheka. Ya leo sicheki. Nayaandika kwa hasira, na kalamu imekwisha kutoboa karatasi mara mbili.

Baba yangu, Papa Léopold, ni katekista wa Mushaki. Aliisoma barua ya Padre akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa, kisha akaiweka ndani ya kitabu cha sala, kwenye kurasa za kuombea wafu.

"Wiki sita jikoni," alisema. "Ulijifunza nini?"

"Mkate wa nyama, Papa."

"Mukate ya nini?"

"Ya nyama. Nyama inapondwa mpaka inalainika, inafinyangwa kama mkate, inapikwa, kisha inakatwa vipande. Mapadre wanaila Jumapili. Mpishi Édouard alinifundisha mwenyewe."

Papa alinitazama. Nilijua anatafuta mahali mbuzi alipojificha katika maneno yangu.

"Jumamosi wageni wa dada yako wanakuja," alisema. "Utawapikia huo mkate. Ukiwa muzuri, nitasema Mapadre walikufundisha kitu. Ukiwa mubaya, nitakumbuka ya kuwa sijakupiga bado."

Wageni hao walikuwa jamaa ya Kabera, wafugaji wa Kirolirwe. Kabera alikuwa kijana mrefu, mwindaji mwenye mkono usiokosa, na alitaka kumwoa dada yangu Généreuse. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kumtoa. Ikienda vizuri, Papa angetangaza ndoa kanisani kesho yake. Ikienda vibaya, dada angeangukia mikononi mwa shangazi.

Huyo shangazi, Françoise, dada ya baba, alishika nyumba yetu tangu mama yetu Godelieve alipofariki. Alishika nyumba, funguo, chumvi, na hata usingizi wetu. Tena alikuwa amekwisha kumwahidi Généreuse kwa shemeji yake Hakorimana, karani wa shamba la pareto, mjane mwenye umri wa baba na kikohozi cha babu. Kila mwezi Hakorimana alimletea shangazi sabuni na kitambaa. Papa alipomkubali Kabera, shangazi alikaa siku mbili bila kusema neno. Sisi, wapumbavu, tulimshukuru Mungu kwa ukimya ule.

Dada naye hakusema mengi. Nilidhani ni haya ya bibi arusi.

Sasa lazima niwaeleze jambo la kidari, kwa sababu hasira yangu yote imekaa juu yake.

Mama yetu alizaliwa Walikale, kwa watu wa msituni. Kwao, mnyama anayechinjwa siku ya kumtoa binti, kidari chake ni cha mjomba, ndugu ya mama. Hakikatwi, hakitengwi mfupa na nyama. Kinawekwa kizima mbele yake, anakitazama, anakigusa, ndipo anasema neno la kumwachilia binti. Bila neno hilo hata Padre akifungisha ndoa mara saba, watu wa mama watasema msichana ameibwa. Mjomba akiwa mbali, kidari kinakaushwa kwa moshi, anapelekewa. Papa, pamoja na ukatekista wake, hakuwahi kucheza na jambo hilo. Alisema Mungu alitoa amri ya kuheshimu mama, na kidari ni mama mwenyewe.

Ijumaa alichinja ndume kijana wa ng'ombe. Majirani walipata fungu lao, misioni fungu lao, na mguu mmoja ukabaki kwa ajili ya mkate wangu. Kidari kizima kilitundikwa juu ya moto jikoni. Mjomba Manassé alikuwa ameitwa tangu mwezi uliopita.

Jumamosi asubuhi nilisugua kinu cha kupondea sombe, majani ya muhogo, kwa majivu mpaka mikono ikawaka. Nilikata ule mguu, nikatia kinuni, nikaanza kuponda. Baada ya muda nilishika nyama kwa vidole. Ilikuwa kavu. Mpishi Édouard alikuwa akisema: mkate wa nyama usio na mafuta ni tofali, na tofali linajengewa kanisa, haliliwi.

Shangazi aliingia. Généreuse alikuwa palepale, hatua mbili kutoka kwangu, anachambua maharagi kwenye ungo.

"Nestor, unaangalia kinu kama unasubiri Papa wa Roma atoke ndani."

"Nyama haina mafuta, shangazi. Mkate utakuwa mgumu."

"Na ile?" Alionyesha kwa midomo kidari kilichotundikwa. Kilikuwa kinene, na mafuta meupe yalikuwa yanadondoka taratibu juu ya makaa.

"Ile ni ya mujomba."

"Mujomba Manassé hakuji. Alituma neno jana na watu wa lori. Mugulu yake inavimba."

"Basi tutaikausha, tutamupelekea."

"Tutamupelekea na nani? Na wewe, mwenye kufukuzwa? Utatembea siku tatu na nyama juu ya kichwa? Itafika iko na funza, njo atakasirika vizuri. Ponda. Ao unataka wazee wa Kirolirwe waache meno yao hapa, waseme kwa katekista banakula mawe?"

"Papa anajua?"

"Papa yako njo alinituma."

Akatoka. Généreuse hakuinua kichwa. Maharagi yaliendelea kuanguka, moja moja, kwenye bakuli.

Hapa ndipo ninapojikasirikia kuliko ninavyomkasirikia mtu mwingine. Papa alikuwa nyuma ya nyumba, hatua thelathini, anapanga viti. Ningeweza kwenda kumwuliza. Sikwenda. Niliogopa kwamba atakataa. Nilijua vizuri kwamba kidari cha mjomba aliye mbali hukaushwa, hakipondwi. Nilijua kuliko ninavyojua Baba Yetu. Lakini niliyaona mafuta yale yakidondoka, nikaona wageni wakila, nikamwona Papa akitoa barua ya Padre katika kurasa za wafu na kuichana. Nikashusha kidari. Nikatenga mfupa na nyama. Nikaponda.

Nilitia vitunguu, chumvi, viazi vilivyochemshwa, na mkate wa juzi kutoka Sake uliolowekwa katika mchuzi. Maziwa niliyaacha, ingawa Édouard huyatia, maana wageni wetu ni watu wa ng'ombe na wazee wao hawataki maziwa na nyama vikutane chunguni. Mayai niliyaacha kwa sababu ya mama wazee wasioyala. Nilikumbuka miiko ya watu wote wa Kirolirwe. Mwiko wa nyumbani kwetu ndio niliutwanga.

Furu, tanuri la kuokea, hatuna. Nilifunga nyama katika majani ya ndizi kama mtoto mchanga, nikailaza katika sufuria kubwa juu ya vijiti ili isiguse chini, nikatia maji kidogo, nikafunika, nikapakia makaa juu ya mfuniko. Moto chini, moto juu, na mkate katikati, kama mwanafunzi kati ya Padre na baba yake.

Ulitoka vizuri. Nasema kwa uchungu: ulitoka vizuri kuliko wa Mapadre.

Wageni walifika saa sita. Alikuja Kabera, baba yake Kanyamibwa, na mama wazee wawili wa jamaa yao. Kanyamibwa alikuwa na meno matatu na heshima ya mtu mwenye thelathini na mawili. Niliukata mkate mbele yao, vipande vinene kama kitabu cha sala. Mvuke ulipanda. Mama mmoja alikigusa kipande chake kwa kidole.

"Hii iko mukate ao iko nyama?"

"Iko yote mbili, Mama."

"Basi Mungu aliweza kuifanya ivi tangu zamani. Anatusumbua na mifupa bure."

Kanyamibwa alimaliza kipande cha kwanza, cha pili, akaomba cha tatu.

"Katekista," alisema, "mutoto mwenye kupika ivi, Mapadre wanamufukuza? Wale wazungu jua iliwapiga kichwa."

Papa alikaribia kutabasamu. Niliona kabisa mdomo ukianza safari. Kabera alinikonyeza. Shangazi alizunguka na kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, akiwamiminia watu kwa magoti, mnyenyekevu kama mtawa, nami nikafikiri: labda nilimdhulumu mwanamke huyu.

Ndipo tukasikia hodi.

Mlangoni alisimama mjomba Manassé. Mkuki mkononi, matope mpaka magotini, na kibuyu cha asali mgongoni. Nilitazama miguu yake. Yote miwili ilikuwa myembamba na mikavu kama mpini wa mkuki ule. Hapakuwa na uvimbe hata wa mbu.

"Karibu, shemeji," Papa alisema, na uso wake ukang'aa. "Tulianza kufikiri mito imejaa. Kaa. Nestor, leta kidari ya mujomba yako."

Nilimtazama shangazi. Alikuwa anahesabu nyasi za paa.

"Nestor," Papa alisema tena.

Kulikuwa na kipande kimoja kilichobaki, cha pembeni, kilichoungua kidogo. Nilikiweka kwenye sahani. Nilitembea kutoka mezani mpaka kwa mjomba, na safari ile ilikuwa ndefu kuliko ya Walikale.

Mjomba alitazama sahani.

"Hii ni nini?"

"Kidari, mujomba."

"Kidari ya nani? Ya panya?"

"Ya ng'ombe. Iko ndani. Niliiponda."

Kanyamibwa alikuwa bado anatafuna. Aliacha kutafuna, lakini hakujua ateme au ameze, akabaki shavu limevimba.

Mjomba hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige kelele.

"Dada yangu alikufa mu hii nyumba," alisema. "Sikuuliza kitu. Nilisema, watoto wanabaki, siku ya musichana nitaitwa. Watanipa kidari, nitaona kama wanajua alikuwa na kwabo. Natembea siku tatu. Nafika. Kidari iko mu tumbo ya wageni."

Kanyamibwa alimeza kwa nguvu, akasimama.

"Katekista, umeniita kwako umenifanya mwizi. Mbele ya mutoto yangu. Vipande tatu nimekula, tatu, na hakuna muntu aliyefungua kinywa."

"Weye si mwizi, Papa," mjomba alimjibu. "Iko mubaya kuliko ile. Kwetu, mwenye kukula kidari ya mujomba anakaa mu kiti ya mujomba. Sasa weye njo mujomba wa Généreuse. Kabera ni mutoto yako. Mutoto wa mujomba ni ndugu. Unataka aoe ndugu yake?"

"Kwetu mutoto wa mujomba anaoleka."

"Kwetu hapana. Na musichana anatoka kwetu."

Mjomba na Kanyamibwa wakatazamana juu ya sahani tupu. Mimi, mwenye kupika, nilikuwa bado nimeshika kisu. Nilikiweka chini polepole ili mtu asifikiri vibaya.

Papa alinigeukia. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nani alikuambia uponde?"

"Shangazi. Alisema mujomba haji, mguu umevimba. Alisema wewe ndiye uliyemtuma."

"Mimi?"

Shangazi aliweka kibuyu chini. Alishika rozari shingoni, kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika shahidi kwa sikio.

"Yezu Maria," alisema taratibu. "Papa Léopold, mimi nilimwambia mutoto: hii usiguse. Nilimwambia mara mbili. Akaniambia, shangazi, utaona namna watacheka."

Wasomaji, mimi nimesema uongo mwingi. Nimesema nina homa nikiwa mzima, nimesema Padre ananiita wakati hakuniita, nimeandika barua ya askofu kwa mkono wangu wa kushoto. Uongo nauheshimu kama kazi ya mikono. Lakini uongo wa yule mama ulinitia hasira ambayo sikuijua kabla. Nilitaka kupindua meza. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilikuwa na ukweli mikononi, mzima, bila hata punje ya mzaha, na hakuna aliyeutaka.

"Anasema uongo," nilisema.

"Nestor." Papa alikuwa bado na sauti ile ndogo. "Hii ni mbuzi nyingine?"

"Si mbuzi, Papa. Naapa."

"Hata kwa Padre uliapa. Aliandika katika barua."

"Basi uliza Généreuse. Alikuwa palepale anachambua maharagi. Alisikia kila neno."

Wote wakamgeukia dada. Alikuwa amesimama karibu na mlango wa chumba, na kitambaa kipya kichwani. Niliona hasira usoni mwake pia, nikafurahi. Nikajua sasa shangazi amekwisha. Dada yangu hasemi uongo. Katika nyumba yetu kazi hiyo ilikuwa yangu.

"Sema," Papa alimwambia.

Généreuse alinitazama mimi, si shangazi.

"Sikusikia shangazi akisema ivyo," alisema. "Nilimusikia Nestor anaimba na kuponda."

Papa alinipiga kofi. Moja tu, la mkono wazi. Katekista hapigi mbele ya wageni, kwa hiyo wageni nao walijisikia wamepigwa. Mama mzee mmoja alifunika uso. Sikulia. Nilikuwa na hasira kubwa mno hata machozi hayakupata njia.

Kabera alisimama. Alikuwa amevua kofia yake.

"Papa Manassé," alisema, "sisi hatukujua. Mimi nataka dada huyu kwa njia ya muzuri, si kwa wizi. Inatengenezwa namna gani?"

Mjomba alichukua kile kipande kilichoungua, akakinusa, akakirudisha sahanini.

"Kidari inarudishwa na mukono yenye iliipoteza. Huyu Nestor ataenda na mimi. Ataingia pori, atapata nyama na mukono yake, nyama ya pori, si ya kununua. Kidari yake ataileta hapa, nzima, na mufupa yake. Ataniwekea mbele, na huyu Papa Kanyamibwa akiwa anaona. Njo atatoka mu kiti yangu. Njo nitasema neno."

"Na kama hapati nyama?" Papa aliuliza.

"Musichana anabaki kwenu."

"Tunaondoka lini?" niliuliza.

"Sasa. Mimi silali mu nyumba yenye haina kidari."

Nilitazama pande zote nikitafuta mtu mmoja wa kusema: huyu mtoto hajui hata kutega panya. Hakuna aliyesema. Shangazi alikuwa anaokota sahani, na mdomo wake umefungwa kwa nguvu kama mtu mwenye kipande kitamu ndani. Hesabu yake ilikuwa wazi hata kwa mwanafunzi aliyefukuzwa: Nestor hatapata nyama, watu wa Kirolirwe watachoka kungoja, na kikohozi cha Hakorimana kitahamia kwetu kabla ya Krismasi.

Nilitoka nje. Kwenye mgomba wa kwanza nilipiga teke, nikaumia kidole, nikauchukia mgomba pia.

Généreuse alinifuata na mfuko. Alikuwa ametia blanketi, chumvi, na viatu vya zamani vya Papa.

"Ulisikia," nilimwambia. "Ulikuwa hatua mbili."

"Nilisikia yote."

"Na ukaniacha nipigwe. Shangazi, namwelewa, ana sabuni zake. Lakini wewe? Nimeponda mpaka mikono imechubuka ili hao watu wakupende. Ni kwa sababu gani? Anakutisha?"

"Hanitishi. Punguza sauti."

"Sipunguzi."

"Nestor." Alinishika shati kifuani, akanivuta mpaka nyuma ya kichaka cha matete. Sikujua ana nguvu hizo. "Ulisema ukweli; na mimi ningesema ndiyo, mujomba angemukasirikia shangazi, angekusamehe wewe, wangechinja mbuzi jioni na kumaliza. Kesho Papa angetangaza kanisani."

"Ndivyo ulivyotaka."

"Nani alikuambia?"

Nilifungua kinywa. Nikatafuta katika kichwa changu siku ambayo dada aliniambia anamtaka Kabera. Sikuipata.

"Papa hakuniuliza," alisema. "Shangazi hakuniuliza juu ya karani yake. Wewe mwenyewe, mwenye maneno mingi, hukuniuliza. Mulikuwa munanipanga kama viti." Sasa hasira ilikuwa kwake, na yangu ilianza kujiona ndogo. "Masista wanafungua masomo ya wakunga tarehe moja mwezi wa tisa. Nimeandikwa. Niliandika barua mimi mwenyewe, walijibu. Musichana aliyekwisha kutangazwa kanisani hawamupokei."

"Papa anajua?"

"Nikifika kule atajua."

Ilikuwa tarehe kumi na nne Agosti. Nilihesabu kwa vidole, mbele yake, kama mtoto wa darasa la kwanza. Siku kumi na nane.

"Usirudi haraka, kaka," alisema. "Ni hiyo tu nakuomba. Piga mawe ukitaka, piga miti. Usipate nyama kabla ya siku ile."

Nilitaka kumwambia kwamba nina haki ya kukasirika. Kwamba shavu langu linawaka. Kwamba kuna watu wanaotumia ndugu zao kama mchi na kinu. Nilikuwa natafuta neno la kuanzia, na tukasikia mbwa.

Kabera alikuja akizunguka nyumba, mkuki begani, mbwa wawili wembamba miguuni. Alikuwa amekunja suruali mpaka magotini. Alicheka aliponiona na mfuko.

"Shemeji, ulifikiri nitakuacha peke yako?" alisema. "Papa Manassé amekubali. Mukono itakuwa yako, lakini macho na mbwa ni yangu. Hizi hazijarudi hata siku moja bila nyama. Jumanne tunaingia pori. Alhamisi kidari iko mu moshi. Jumapili ya wiki ijayo tuko hapa."

Kisha akamgeukia dada yangu, na uso wake ukawa mpole kabisa, uso wa mtu ambaye hajamkosea yeyote.

"Sitakukawiza," alimwambia.

"Asante," Généreuse alijibu. Mkono wake ulikuwa bado umeshika kamba ya mfuko wangu, na alilivuta fundo mpaka likawa gumu kama jiwe.

Kutoka barabarani mjomba aliita kwamba msitu hautatufuata nyumbani. Kabera aliweka mkono begani mwangu, tukaanza kutembea. Njiani alinieleza namna ya kumsikiliza mbwa, namna ya kusimama upande wa upepo, mahali pa kuchoma mkuki ili mnyama asiteseke. Alieleza kwa subira, kama kaka. Kwa muda huo wote sikuthubutu kugeuka nyuma, kwa maana nilijua kabla ya Alhamisi nitamsaliti mmoja kati yao, dada au Kabera, na mpaka tunapita nyumba ya mwisho ya Mushaki sikuwa nimechagua yupi.